Yasin na Tabaraka: Mayai ya Kuchemsha katika Baridi ya Ruring'u



Mama zangu na dada zangu, katika ukurasa huu tumezoea kusoma habari za mapishi ya Ramadhani, za biriani ya arusi na halua ya Idi. Leo naomba mnivumilie, kwa kuwa pishi langu halina heshima kubwa. Ni yai la kuchemsha. Najua wengi wenu mtacheka, maana yai la kuchemsha ndilo pishi la kwanza afundishwalo mtoto wa kike kabla hajakabidhiwa kisu. Mimi pia nilicheka, hadi siku nilipohitaji mayai yale yanilishie wanangu, yakanikatalia.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, mtaa wa Kuze. Niliolewa nikaletwa Nyeri, na huu ni mwaka wa kumi na sita tangu nianze kuishi Ruring'u, si mbali na ule uwanja ambao wapiganaji wa Mau Mau walikuja kuweka silaha zao chini mwaka 1963, nchi ilipopata uhuru. Mume wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa umeme wa magari. Alifariki mwezi wa Juni, kati ya Alasiri na Magharibi, akiwa na koleo mkononi. Alizikwa kesho yake asubuhi katika makaburi ya Waislamu hapa hapa Nyeri, na jamaa zetu wa Pwani waliowahi walikuwa wanne tu.

Mamangu alitaka nirudi naye Mombasa baada ya hitma. Nilimwambia nitakaa eda yangu katika nyumba aliyonikalisha mume wangu, kama sheria inavyotaka, miezi minne na siku kumi. Tena binti yangu mkubwa alikuwa kidato cha pili, na sikutaka kumng'oa shuleni katikati ya mwaka. Mamangu aliliridhia neno la eda. La shule alilinyamazia.

Lakini wanaokudai hawakai eda pamoja nawe. Mwenye nyumba alinisubiri mwezi mmoja kwa heshima ya msiba, kisha akaja akasimama mlangoni akiwa ameshika kofia yake mkononi. Fundi wa gereji hana pensheni. Alichoacha mume wangu kilikuwa vifaa vyake, madeni mawili ya watu waliomdai na matano ya watu aliowadai yeye, ambao tangu siku ya maziko sikuwaona tena. Ustadh wa msikiti wa mjini alinieleza kwamba mwenye eda anaweza kutoka mchana kwa haja isiyoepukika. Nilimshukuru, lakini moyo wangu ulikuwa mzito na sikuwa na nguvu ya kusimama barabarani nitazamwe na watu. Nikatafuta kazi ya kufanyia jikoni.

Jirani yetu wa mlango wa pili ni mama wa Kikikuyu aliyepita miaka 60, ambaye wanangu humwita Shosho, na mimi pia humwita hivyo. Kila jioni yeye huchoma mahindi kwenye steji ya matatu. Siku moja alikuja na bakuli la githeri, akakaa, akanitazama, akasema, "Mama, pale kwangu watu huniuliza mayai boilo kila siku. Mimi sina wakati wa mahindi na mayai. Wewe chemsha, mimi niuze. Utanipa kitu kidogo." Ndivyo biashara ilivyoanza.

Trei ya mayai 30 nilinunua kwa shilingi 390, yaani kila yai shilingi 13. Shosho aliuza yai moja shilingi 25, pamoja na kachumbari kidogo na chumvi. Makaa yalikula shilingi 50. Fanyeni hesabu mwenyewe, dada zangu: kama mayai yote 30 yangefika salama, ningebakiwa na shilingi 310 kabla ya kumpa Shosho chake. Kwa mjane mwenye watoto watatu hizo si fedha za kudharau.

Siku ya kwanza yalipasuka tisa.

Sasa niwaeleze nilivyochemsha, maana sikuwa mgeni wa jambo lile. Nyumbani Kuze mamangu alikuwa akichemsha mayai ya biriani kila Ijumaa, na hakuwa akitazama saa. Maji yakitokota aliyatia mayai, akaanza kusoma Surat Yasin kwa moyo, polepole lakini bila kuvuta, huku akikata vitunguu au akichambua mchele. Akifika mwisho wa sura huyaepua mayai. Kwa kisomo chake Yasin ilikuwa dakika kumi na moja hivi, na yai lilitoka na kiini kilichokaza, cha manjano kavu, wala sikumbuki ganda lililopasuka. Wapo watakaoniuliza kama inafaa kusoma Qur'ani mtu akiwa na upawa mkononi. Mamangu hakuona ubaya, na sisi watoto tuliihifadhi Yasin kwa kuisikia jikoni kabla hatujakalishwa chuoni.

Basi Ruring'u nilifanya vilevile. Maji yalipotokota niliyatumbukiza mayai yote 30 katika sufuria moja, nikaanza Yasin. Sikufika aya ya ishirini nilipoanza kusikia: tak, tak. Ute mweupe ulitoka kwenye nyufa ukaelea kama nyuzi za pamba. Nilipomaliza sura niliyaepua, nikaliambua moja lililopasuka ili nionje, nikakuta kiini katikati bado ni uji. Mayai mabovu mara mbili: yaliyopasuka yamepasuka, na yaliyosalimika hayajaiva.

Nilimpigia simu mamangu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa sauti ya hukumu, "Mwanangu, unasoma mbio."

Nilikasirika, sikufichi. Kesho yake nilisoma kwa kuvuta kama msomaji wa mashindano. Mayai yaliiva kidogo zaidi, lakini yalipasuka saba. Siku ya tatu niliyaacha motoni nusu saa nzima, nikisema liwalo na liwe. Yaliiva, naam, hata viini vikavaa pete ya rangi ya kijani na harufu ya kiberiti. Wateja wa Shosho walidhani ni mayai ya zamani. Pete ile haina madhara. Ni chuma kilicho katika kiini na kiberiti kilicho katika ute vinavyokutana yai linapopikwa mno. Lakini mtu aliyesimama kwenye baridi ya jioni akingoja matatu hataki kufundishwa hayo. Anataka yai la manjano.

Ni binti yangu aliyenifungulia mlango wa kwanza. Aliniona nimekaa mbele ya jiko nikihesabu nyufa, akaniuliza maji yangu yanatokota katika moto wa kiasi gani. Nikamwambia maji yakitokota yametokota. Akaniambia, kwa upole wa mtoto anayejua kwamba mama yake amefiwa, kuwa sivyo. Kule Mombasa tuko usawa wa bahari, na hewa yote iliyo juu yetu huyakandamiza maji hadi yafike nyuzi 100 ndipo yatokote. Nyeri iko mita zipatazo 1,750 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, mkandamizo ni mdogo, na maji hutokota yakiwa na nyuzi 94 tu. Yanaruka, yanatoa mvuke, yanaonekana makali kama yale ya Kuze, lakini si makali kama yale. Ukiongeza makaa hayaongezeki joto. Yanaruka zaidi tu. Akanionyesha mlima, ambao asubuhi ile ulikuwa umejifunua, akasema kwamba kule juu kabisa, zaidi ya mita 5,000, maji hutokota hata kabla ya kufika nyuzi 85.

Nilikaa na maneno yale kwa muda mrefu. Kumbe mamangu hakukosea, wala mimi sikusoma mbio. Yasin ya Mombasa ilikuwa imepimwa kwa maji ya Mombasa.

Hapo niliongeza dakika tatu hadi nne, na viini vikakaza bila pete. Lakini nilihitaji kipimo, kwa kuwa simu yangu ilikuwa mara nyingi kwa binti yangu kwa masomo yake, na saa ya ukutani ilikufa wiki ileile ya msiba, nami sikuwa na moyo wa kuinunulia betri. Kila usiku tangu mume wangu azikwe nilikuwa nikimsomea Surat al-Mulk, ambayo kwetu Pwani tunaiita Tabaraka, kwa matumaini tuliyofundishwa kuhusu sura ile na mtu aliye kaburini. Nilijaribu kuisoma mara nimalizapo Yasin, kwa kisomo kilekile. Yasin na Tabaraka zikatosha yai la Ruring'u sawasawa. Tangu siku ile marehemu wangu akawa anasomewa mara mbili, jioni mbele ya jiko na usiku kitandani.

Habari ya kuiva ikawa imekwisha. Ya kupasuka ilikuwa bado, na hiyo ndiyo iliyoniingiza katika jambo ninaloona haya kuliandika.

Yai lililopasuka halinunuliwi. Mteja huliinua, huligeuza, akiona ufa hulirudisha. Kwa hiyo wiki za kwanza zile saba au tisa zilizopasuka tulikula sisi, asubuhi na jioni, hadi mwanangu wa mwisho akaniuliza kama na sisi ni kuku. Ikafika siku ambayo mwenye nyumba alikuwa aje kesho yake. Nilikuwa na mayai sita yenye nyufa nyembamba, ambazo usingeziona bila kutafuta. Niliyafuta vizuri, nikayapanga ndani ya ndoo upande wa ufa ukitazama chini, nikayafunika kwa mazima. Sikumwambia Shosho neno.

Alirudi saa mbili usiku. Aliniwekea fedha mezani, kisha akatoa mfukoni mwa aproni yake yai moja lililofungwa kwa karatasi. Alikuwa amelinunua mtoto wa shule. Alipoliambua alikuta maji yameingia ndani ya ute, maji ya kijivu yenye vumbi la makaa, maana nilikuwa nimeyapoza katika beseni ambalo sikulibadilisha maji. Shosho alikuwa amemrudishia mtoto fedha zake na kumpa hindi la bure.

"Mama," aliniambia, "hili lilipasukia kwangu ama lilikuja limepasuka?"

Ningeweza kusema lilipasukia njiani. Ndoo hutikisika. Nikamwambia lilikuja limepasuka, na kwamba kulikuwa na mengine matano. Akanyamaza. Kisha akasema, bila hasira, "Mimi huwaambia watu, haya mayai ni ya yule mama Muislamu, hayo ni safi. Ndiyo wananunua." Akaniombea usiku mwema akaenda zake.

Dada zangu, nyote mnaijua habari ya Bwana Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipopita sokoni akautia mkono wake ndani ya rundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu ambao muuzaji ameufunika kwa nafaka kavu, na alivyomuuliza kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Habari hiyo niliisikia chuoni nikiwa na miaka saba. Nimewahi kuwafundisha wanangu. Na usiku ule nilikaa jikoni katika nguo zangu za eda, bila manukato wala pambo, nikijiona mtu wa ibada, na ndoo yangu ndiyo ile ile ya muuzaji yule.

Asubuhi nilimpa Shosho shilingi 25 za mtoto na 15 za hindi. Akakataa za hindi. Tukapatana kwamba yai lenye ufa likipelekwa litakaa katika bakuli la peke yake, juu, litauzwa shilingi 15, na mnunuzi ataambiwa. Mwenye nyumba nilimlipa pungufu, naye akaandika deni kwenye kitabu chake. Lakini niliapa kuwa sitaridhika na bakuli lile. Nitajua kwa nini mayai yanapasuka.

Nikaanza kutazama. Mjane wa eda ana wakati mwingi wa kutazama.

La kwanza nililoliona ni baridi. Julai ya Nyeri si baridi ya kuzungumzwa tu; asubuhi ukilishika yai lililolala jikoni ni kama kushika kokoto la mtoni. Kuze yai hulala katika joto la nyuzi 28 au zaidi, likitumbukizwa majini halishtuki sana. La Ruring'u lilitoka kwenye nyuzi 12 au pungufu, likatupwa katika 94 kwa mara moja. Na ndani ya yai, upande ule mnene, kuna kijichumba cha hewa. Ukiliambua yai lililoiva utaona mahali pake, pamebonyea kama alama ya kidole. Hewa ile ikipata moto kwa ghafla hutanuka na kutafuta njia. Ganda lina matundu madogo mno, maelfu, na hewa ikipewa nafasi hutoka kwa hayo polepole. Isipopewa nafasi hulipasua ganda.

Kwa hiyo nilianza kuyalaza mayai katika beseni la maji ya uvuguvugu, kiasi ambacho ungemwogeshea mtoto mchanga, kwa dakika kumi. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilimwita binti yangu aje aone: kutoka upande mnene wa kila yai zilipanda povu ndogo ndogo, moja nyuma ya nyingine, kama shanga. Ilikuwa ile hewa, inatoka kwa hiari yake. Nikayabadilishia maji, nikatia ya moto zaidi kidogo, kisha ndipo yakaenda motoni.

La pili lilikuwa msongamano. Sufuria moja yenye mayai 30, na chini makaa yote nimeyachochea, ni ngoma. Yanagongana yenyewe kwa yenyewe na kugonga chini. Niliyagawa mafungu mawili ya 15, yakae safu moja, maji yayafunike kwa vidole viwili. Chini ya sufuria nilitandika kipande cha leso kuukuu. Maji yakishatokota niliondoa makaa mawili matatu, yabaki yakichemka bila kuruka, kwa kuwa nilikwisha jua kwamba kuruka hakuongezi joto. Na mayai sikuyamimina tena. Niliyashusha kwa upawa moja moja, kama mtu anayemlaza mtoto asiyetaka kuamka.

Mtaniuliza kwa nini sikuyaanzisha katika maji baridi yakapata moto pamoja, kama wafanyavyo wengi, na hiyo ni njia salama kwa ganda. Nilijaribu. Nyufa zilipungua sana. Lakini yai bichi la jana au juzi likianzishwa hivyo, ute hung'ang'ania ile ngozi nyembamba ya ndani, na mteja akiliambua anang'oa nusu ya yai pamoja na ganda. Shosho alikuja kunishitakia kwamba watu wanakula maganda. Katika biashara ya steji ganda lisipasuke kwangu, lakini lipasuke upesi kwa mteja. Ukipata moja ukakosa jingine hujafanya kitu. Dawa yake ilikuwa mbili pamoja: kuyaingiza mayai yaliyokwisha pashwa katika maji ya moto, na kununua trei wiki moja kabla. Yai lililokaa siku saba au nane huambulika vizuri kuliko jipya. Hilo nalo lilinishangaza, maana maisha yangu yote nilitafuta yai jipya kuliko yote.

Nilishauriwa mengine pia. Jirani mmoja alisema nitoboe upande mnene kwa sindano. Inasaidia, hewa hupata mlango, lakini ni nani atakayenunua yai lenye tundu? Wengine walisema chumvi, wengine siki. Hivyo haviuzuii ufa. Vinachofanya ni kuugandisha ute upesi mahali pa ufa, usitapakae majini, na kwa hilo chumvi kidogo niliiacha ibaki. Na maji ya kupozea nikawa nabadilisha, safi, mara mbili. Hilo sikuhitaji kushauriwa na mtu.

Kufikia mwisho wa Agosti hesabu ilikuwa yai moja katika trei nzima, mara nyingine mawili, na siku nyingi hakuna. Siku za mpira uwanjani Shosho alichukua trei mbili, na yaliyobaki tuliyala usiku uleule. Sikumpelekea mtu yai lililolala. Bakuli la nyufa lilikuwa likienda tupu, na Shosho alilitumia kuwekea limau na pilipili ya mahindi yake. Mwezi wa Septemba nilimlipa mwenye nyumba deni lake lote. Aliandika, akafunga kitabu, akaniuliza kama ningeweza kumchemshia mayai kumi ya mkutano wa wazee wa kanisa lao. Nikamchemshia 12.

Eda yangu iliisha mwezi wa Oktoba. Mamangu alipanda basi la usiku kutoka Mombasa, akabadilisha gari Nairobi, akafika Ruring'u saa tano asubuhi amejifunga mashuka mawili juu ya buibui. Tulikwenda makaburini pamoja baada ya Adhuhuri. Njiani hakunitajia kurudi Kuze. Aliniuliza tu karo ya binti yangu ni kiasi gani na inalipwa lini, na nilipomjibu alihesabu kwa vidole ndani ya buibui lake.

Jioni alikataa kukaa sebuleni kama mgeni. Aliingia jikoni, akaniambia nipumzike, atachemsha yeye. Nilimwonyesha beseni la uvuguvugu, akaliona ni upuuzi wa watu wa bara, lakini zile shanga za povu zilipoanza kupanda aliinama akazitazama kwa muda. Aliyashusha mayai kwa upawa. Akaanza Yasin. Mimi nilikaa mlangoni nikimsikiliza, na kwa muda ule sikuwa Nyeri.

Alipofika mwisho alipitisha mikono usoni, akaunyanyua upawa ili aepue. Mwanangu wa mwisho, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akichora kwa mkaa sakafuni, hakuinua hata kichwa.

"Bado, Nyanya," akasema. "Bado Tabaraka."

Mamangu alinigeukia. Nikamwambia ndivyo ilivyo, huku ndivyo. Akaurudisha upawa mahali pake, akavuta kigoda akakaa karibu na mtoto, akaanza.